Hodi ya Mchungaji

Ibada imeisha, Mchungaji Ambokile yuko mlangoni anapeana mikono. Tangu ahamishiwe kanisa hili hajala na mtu hata mara moja.

"Mchungaji, leo si unakula kwa Mama Sekela?" akauliza mzee wa kanisa.

Mama Sekela akacheka. "Kwangu tena? Mimi najua ni kwako, Mzee!"

"Basi atakuwa kwa wanakwaya," wakakubaliana, haooo, wakaondoka.

Wanakwaya walishaondoka kitambo.

Mimbarini Ambokile ni simba, lakini kuomba sahani ya wali, mtihani! Akajikaza, akaenda kwa mzee.

"Hodi!"

Ndani vijiko vikanyamaza. "Nani?"

Aseme Mchungaji, au aseme Ambokile? Jina lake hapa hakuna anayeliita. Kitasa kikazunguka kabla hajaamua.