Nungunungu Alivyorukia Watu

Wallahi, hapa hakuna hata neno moja la uongo! Chura alikuwa anaimba, wanyama elfu tisini wamejaa, Nungunungu akapanda jukwaani ili awarukie wambebe juujuu.

"Mzee, wenye pembe wamekatazwa kuruka," Kima akamwambia. "Na hiyo miiba?"

"Nimeilaza, mdogo wangu. Nyie nidakeni tu."

Akaruka. Wakamdaka, wakampitisha mkono kwa mkono.

"Mzee yuko vizuri!" Kima akapiga kelele.

Ah, sifa! Nungunungu akasisimka, miiba yote ikasimama. Mikono ikatoweka. Akaanguka chali, miiba ikazama ardhini, akakwama hapo mpaka wafagiaji walipomng'oa kama muhogo.

Haya, Nungunungu huyo ni mimi. Jamani, msimwambie mtu. Mke wangu anajua nilibebwa mpaka mlangoni.