Wastani wa Mchungaji

Mchungaji alikuwa amesema "namalizia" mara sita mvua ilipoanza kupiga mabati ya kanisa.

Najua ni sita kwa sababu nilikuwa nahesabu. Mwaka mzima nilienda kanisani Kalamba na kunde ishirini kwenye pindo la leso, na kila akisema "namalizia" nahamisha moja kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto. Wastani wake ulikuwa tisa. Wageni wa Nairobi wakiwepo, alifika kumi na nne. Siku mke wake amepika kuku, mbili zilimtosha.

Sasa alitazama juu. Misimu mitatu hatukuwa tumesikia sauti hiyo ya mvua.

"Ndugu zangu," akasema, "twendeni shambani."

Watu walitoka mbio, kisha wakasimama uwanjani wakitazamana. Tungepanda nini? Tulikuwa tumekula hata mbegu, kabla ule unga wa njano wa msaada haujafika.

Nikafungua mikono. Sita kushoto, kumi na nne kulia, zote zimeng'aa kwa kushikwashikwa. Hata siku ile watoto walilala njaa sikufikiria kuzipika. Kwangu hazikuwa chakula, zilikuwa hesabu. Nikamshukuru Mungu kwa kumpa mtu huyu maneno mengi.

Mchungaji alikuja akasimama mbele yangu, koti limelowa.

"Mama Kalunde, hizi umezitoa wapi?"

"Kwa mahubiri yako, Mchungaji. Lete mkono."

Nikamhesabia tisa.