Mahali pa Dorothy

Kwaya ya Dorothy kule Kakamega ilikuwa imerekodi misa aliyoitunga mwalimu wao. Asubuhi hiyo rekodi ilimfikia kwenye simu huko Sib, Omani, akimpaka mafuta miguuni bibi wa Kiomani anayemhudumia.

Aliiweka kwa sauti ndogo. Zilianza besi, zikafuata alto, na humo akamtambua shangazi yake, anayechelewa siku zote. Walipofika "Mwanakondoo wa Mungu" kwaya ikanyamaza, kikabaki kinanda peke yake.

Kidole gumba cha Dorothy kikasimama kwenye ufa wa kisigino.

"Mbona hapo hawaimbi?" bibi akauliza kwa Kiswahili chake cha pwani.

"Hapo ni pangu, bibi. Mwalimu alinitungia kabla sijaja huku. Nilimwambia ampe mtu mwingine."

"Na hakumpa."

"Hakumpa."

Kinanda kiliendelea polepole, kikimsubiri. Miaka minne Dorothy alikuwa hajaimba, hata jikoni.

Bibi akauvuta mguu wake taratibu, akaushusha chini. "Irudishe nyuma, mwanangu. Nnataka niisikie nzima."

Dorothy akafuta mafuta mikononi, akairudisha, akavuta pumzi.