Kioo cha Pili

Fumo hakuwa na mtoto, hakuwa na ndugu wa kumrithi, wala hakuwa na subira. Wake wawili alikwisha kuwaacha, akiwaita tasa. Wa tatu alikuwa kwao, kisiwani Chula, akingoja neno lake, maana alikuwa amemwambia, "Kapimwe nawe, bwana. Ikiwa ila ni yangu, niache."

Katika hospitali ya Wataliani, Kisimayu, msaidizi wa daktari alimwonyesha kwanza mbegu za mwanamume mwingine juu ya kioo, chini ya hadubini. Zilikimbizana kama wana wa samaki.

"Kila moja ni seli hai," akasema msaidizi. "Kichwani mna kiini, ndicho kilichobeba sura ya baba. Shingoni mna jiko la kuipa nguvu. Mkia ndio kasia."

Kisha akabadilisha kioo. "Hiki chako."

Fumo aliinama mpaka kope zikagusa chuma. Aliona mwanga mweupe, na ukungu wa pumzi zake mwenyewe.

"Mbona sioni kitu?"

"Hamna mchu humo, Bwana Fumo, hata mbegu moja," msaidizi akacheka. "Wale mabibi wa watu umewaonea bure."

Fumo alifuta jasho la kope kwa ncha ya kilemba. Akaomba kalamu na karatasi.

"Daktari amenipima," akamwandikia mkewe, "nami ni mzima. Ila ni yako. Nimekuacha talaka tatu."

Akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba, akaenda bandarini kumkabidhi nahodha wa jahazi la Chula.