Kitabu cha Getini

Siku ya tatu tangu akabidhi ofisi, Bi Perpetua alirudi makumbusho kuchukua mwavuli aliousahau nyuma ya mlango. Kabla ya hapo alikuwa ameongoza shule mbili na chuo kimoja, na kote alikopita aliacha amri ileile: asiye mfanyakazi asiingie bila kujiandikisha.

Mbonde, mlinzi wa geti, alisimama kwa heshima. Kisha akamsogezea kitabu cha wageni, macho chini.

"Unisamehe, Mama Mkurugenzi. Ni amri yako."

"Ungeniacha nipite hivihivi, ningekukaripia," alisema, akachukua kalamu.

Akaandika tarehe, jina, na mtaa anaokaa. Safu ya mwisho iliuliza: Umekuja kumwona nani? Tangu juu ya ukurasa, wageni wa wiki iliyopita walikuwa wamejibu jina moja tu, Bi Perpetua. Naye akaandika hilohilo, kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Mbonde alisoma. Akaligeukia dirisha la ofisi, ambalo pazia lake lilikuwa limeshabadilishwa.

"Kaa hapo kwenye benchi, Mama," alisema taratibu. "Ngoja nikamtazame kama yupo."