Vijiwe vya Mchele

Zuwena alikuwa ameshauchagua mchele ule mara tatu, na bado hakuinuka mkekani. Daktari bingwa wa macho, aliyempiga picha za ndani ya jicho juzi, alisema angempa majibu kwa simu kabla ya adhuhuri. Simu ilikuwa kando ya ungo, kimya kama imemnunia.

“Wifi, huo mchele safi,” alisema Ruzuna, dada wa mumewe, kutoka jikoni. “Ulete, maji yanachemka.”

“Kidogo tu, wifi.”

Vijiwe alivyovitoa, kumi na viwili, vilikuwa kwenye kisosi. Ghafla alivimwaga tena ungoni, akavichanganya vizuri na mchele.

Ruzuna alitoka na mwiko mkononi. “Wewe, una wazimu? Unaturudishia mawe?”

“Nimevihesabu. Nikiviona vyote, basi sina ugonjwa mimi.”

Ruzuna alifungua mdomo kucheka, akaghairi, akachuchumaa. Kidole cha Zuwena kilikwenda mbio kwenye mchele. Saba. Tisa. Jasho lilimtoka. Cha kumi na moja alikipata ukingoni, na cha kumi na mbili chini ya kidole gumba chake mwenyewe.

“Alhamdulillahi,” alisema Ruzuna. “Haya, lete nipike.”

Lakini Zuwena alikuwa ameshaokota kingine. Alikitia kisosini, akahesabu upya. Kumi na vitatu.

Mara tatu alikuwa amekipita.

Simu ikaanza kuita. Ruzuna aliichukua, akamnyooshea. Zuwena hakuipokea. Alikuwa ameuinamia ungo, pua karibu iguse mchele, akikitafuta cha kumi na nne.