Mpaka Kwenye Buti

Bati lililia ngwa, na ndipo Okwera, jicho lake bado kwenye kamera, alipojua mgongo wake umefika ukutani.

Alikuwa akijaribu lenzi ya milimita hamsini, ya bei nafuu kuliko zote dukani Nateete, aliyoruhusiwa kukaa nayo hadi adhuhuri. Haivuti wala haisukumi: ukitaka picha pana, urudi nyuma kwa miguu yako. Mama yake, sajini wa polisi, alitaka buti zake zionekane, lakini uso tu ndio ulioingia. Na nje ya chumba chao cha bati, kambini mwa polisi, picha ni marufuku.

“Rudi nyuma, Okwera.”

“Hakuna nyuma, mama.”

“Miaka ishirini humu, leo ndiyo unaona?”

Ubaridi wa bati ulimpenya mabegani.

“Lenzi siirudishi,” akasema. “Nitakujengea sebule ya kuitosha, mpaka kwenye buti.”